Mama Hadija, Nimekalia Kigoda Chako

Mama Hadija, mwenzangu,

Sijui huko mliko watu wanasalimiana vipi, kwa hiyo pokea tu ya kwetu. Sisi Newala wazima. Maji ni yale yale, bomba linatoa likijisikia. Korosho mwaka huu imezaa vizuri, na wanunuzi wamejaa kila njia na mizani zao, kila mmoja anasema mizani ya mwenzake inaiba.

Naandika mwenyewe kwa mkono wangu. Somoe mwanangu alitaka kuniandikia, amesoma yule, nikamkatalia. Angenyoosha maneno, angeacha yale matamu. Mimi darasa la ngumbaru nilihudhuria na wewe ni shahidi, mwalimu alinitoa nje kila mara kwa kuongea lakini herufi nilizipata zote, nilikuwa nazisikilizia dirishani.

Sasa nianze wapi. Nianze na mazishi yako, maana kila mtu aliyaona isipokuwa wewe.

Watu walikuja, mwenzangu. Walikuja wa Masasi, walikuja wa Lukuledi, hata yule jamaa wa Masasi anayetuazimisha kanda za video alikuja, akakaa pembeni na viatu vyake vya kung'aa, anafuta vumbi kila saa. Hadija mwanao alifika kutoka Lisekese kwa mumewe amekonda, mimba ile ya pili inamsumbua. Alilia mpaka nikaona huyu tutamzika na yeye. Nilimshika, nikamwambia lia mwanangu, lakini kaa chini usije ukaanguka. Na mimi mwenyewe nilikuwa sijijui. Nilikuwa naongea tu. Nikinyamaza naona kaburi.

Basi tupo hapo, vilio vimetanda, akaingia Mama Agnesi. Yule mtani wetu, Mmakua wa Lulindi, mwanamke wa kanisani kabisa lakini mdomo wake haukubatizwa. Unajua mtani akifika msibani anachofanya. Hakupita kwetu kutoa pole. Alikwenda moja kwa moja kwenye banda lako la video, akatoka na kigoda chako kile ulichokuwa unakalia pembeni ya tivii, akakiweka mbele ya wafiwa. Akajifunga khanga kichwani kama unavyojifunga wewe, akageuza shingo kama wewe, jicho moja kwa picha, jicho moja kwa watu. Halafu akaanza kututafsiri sisi, kama ulivyokuwa unawatafsiri Wahindi wa kwenye picha.

"Tulieni, picha imeanza," anasema, na ile sauti yako ya puani. "Huyu anayejigaragaza hapa anasema, ninamlilia Mama Hadija, lakini moyoni nauliza wali umeiva? Huyu wa kofia nyeupe ni Rashidi, mdogo wake marehemu. Analia kwa jicho moja. Jicho la pili linaangalia video. Na huyu mnene hapa, Mama Somoe, msimsikilize, huyu hajalia, anakusanya habari za kupeleka sokoni."

Mwenzangu, watu walicheka. Hata shehe alijiziba mdomo na kanzu. Hadija alicheka huku makamasi yanatoka, na ndiyo mara ya kwanza tangu asubuhi niliona amevuta pumzi mpaka chini. Nikasema moyoni, kumbe mtu anaweza kufa halafu akatuchekesha mazishini kwake mwenyewe kwa mdomo wa mtani.

Lakini lile la Rashidi na jicho la pili halikuwa utani peke yake. Na hapa ndipo ilipo habari yenyewe.

Rashidi ni mdogo wako, ni mjomba wa Hadija, na kwetu mjomba ndiye mwenye kauli juu ya vitu vya dada yake, hilo hakuna wa kubisha. Lakini mikeka ya msiba haijakunjwa, mimi niko kwenye kinu nyuma ya nyumba, nikamsikia anaongea na vijana. Anawaambia, Jumamosi ya akina mama imekwisha. Msimu wa korosho huu, vijana wana pesa mfukoni, Jumamosi mchana ataweka karate na vita, mfululizo mpaka usiku. Mmoja akamuuliza, na akina mama je? Akasema, akina mama wakae nyumbani, mwenye Kihindi chake si amekufa.

Nilisimamisha mchi juu.

Jumamosi ile, mwenzangu. Yeye mwanaume hawezi kujua. Usiku bandani ni wanaume, moshi wa sigara na matusi, mke wa mtu akionekana pale imekuwa kesi. Sisi tulikuwa hatuna mahali pa kukaa chini. Shamba, kinu, bomba, jikoni, shamba. Ukaja wewe ukasema Jumamosi baada ya adhuhuri banda ni la wanawake watupu, na waume zetu hawakupata neno la kusema, maana ni mchana na ni wanawake watupu. Tukapata pa kukaa. Mtu anatoka bombani anatua ndoo yake ukutani, jani juu ya maji, anaingia, anavua ndala, anakaa kwenye mkeka, ananyoosha miguu. Mimi miguu yangu niliijua ilivyo mirefu siku ile ya kwanza.

Mimi nikisikia jambo halilali kwangu, unanijua. Nikaacha kinu, nikamfuata Mama Agnesi, nikamwambia yote. Alinyanyuka kimyakimya, akaingia bandani, akatoka na rimoti ameifunga kiunoni ndani ya khanga, akapita mbele ya Rashidi anaimba wimbo wa kanisani.

Na vile vitufe vya kwenye video yenyewe vilikufa siku nyingi, wewe unajua, bila rimoti lile dude ni sanduku. Na kwa mila zetu mtani akishika kitu msibani humnyang'anyi. Unakikomboa kwa atakacho yeye.

Rashidi alipeleka jogoo Lulindi. Jogoo akaliwa, rimoti haikurudi. Akapeleka kitenge. Kitenge kikavaliwa Jumapili kanisani, rimoti haikurudi. Tangu uzikwe mpaka arobaini yako banda lilifungwa, vijana wanazunguka barabarani kama kuku waliofungiwa nje, wanaulizana lini.

Siku ya arobaini tumeshasoma hitima, tumeshakula, wazee wamekaa, Rashidi akaanza mbele ya watu wote.

"Mtani, nirudishie rimoti yangu. Watu wananicheka."

"Wakucheke, ndiyo kazi niliyowapa."

"Unataka nini sasa? Jogoo umekula, kitenge umevaa."

"Nataka Jumamosi."

"Jumamosi siyo yangu mimi, ni ya Mungu."

"Kama ni ya Mungu, mbona ulishawapa vijana wa karate?"

Wazee wakacheka. Rashidi naye akacheka, lakini alikuwa amebanwa. Akasema haya, tuseme nimewaachia. Nani atasema picha? Picha za Kihindi bila msemaji wanawake watakaa kuangalia nini, watu wanafungua midomo kama samaki? Dada yangu alijua Kihindi. Nani mwingine hapa anajua Kihindi?

Na hilo kweli. Wewe ulikijua kwa jasho lako. Msichana mdogo umekwenda Lindi kulea watoto wa wale Wahindi wa duka la vitambaa, ukalala jikoni kwao miaka na miaka, ukajua wanavyogombana na wanavyoombeana msamaha, mpaka maduka yalipofungwa nao wakaondoka na wewe ukarudi huku na sanduku lako moja. Halafu mambo yalipokuja kufunguliwa, kila kitu ruksa, wengine wakanunua redio na baiskeli kwa korosho ya mama zao, wewe ukanunua tivii, video na jenereta. Watu wakasema Mama Hadija kichaa kimempanda. Na mimi nilisema, sitakuficha, nilisema zaidi ya wote, mpaka uliponiita nije nione picha ya kwanza. Nikatoka pale nimevimba macho kwa kulia na sijui hata yule mwanamke niliyekuwa namlilia anaitwa nani.

Sasa Mama Agnesi akazungusha macho kwa akina mama wote, polepole, yakaja yakasimama kwangu.

"Huyu hapa. Huyu hajanyamaza tangu azaliwe, bora tumpe kazi."

Nikasema Mama Agnesi usinitanie, Kihindi sijui hata neno la kuombea maji.

"Kwani ya majirani zako unayajua kwa lugha gani? Si unachungulia tu uwani, unaona nani amenuna, nani amebeba nini, jioni mji mzima unayo. Na hao Wahindi wana uwa, wachungulie."

Rashidi alivyoona ni mimi, alifurahi. Nilimwona. Akasema mbele ya wazee, haya, Jumamosi moja. Wakikaa mpaka mwisho wa picha, Jumamosi ni yao siku zote. Wakitoka kabla haijaisha, mtani utanirudishia rimoti na hutanidai tena. Shehe akasema hilo ni neno la haki.

Picha ilikuja na basi la Masasi, kanda mbili, ya kwanza na ya pili, mpya. Yule jamaa wa viatu alituma salamu kwamba hata Mtwara haijaonekana, yeye husema hivyo kwa zote, lakini hii nadhani kweli maana karatasi yake ya juu ilikuwa haijachanika. Tukaiita Picha ya Bangili, kwa ajili ya msichana pale juu mwenye bangili za kijani mpaka kwenye kiwiko. Hakuna aliyewahi kuiona. Sikuwa na wa kumuuliza.

Jumamosi ikafika. Banda lilijaa, mwenzangu, ndoo zilipangwa ukutani mpaka zikapinda kona. Nilikalia kigoda chako. Nilikuta kimechimbika pale unapokaa wewe, mimi ni mnene kuliko wewe lakini nilikaa hapo hapo kwenye shimo lako.

Nikaanza na sheria zako zote, sikuacha moja. Mwenye kilemba kirefu akae nyuma. Karanga za maganda hapana, korosho ruksa kwa sababu haina kelele. Mtoto akilia mama yake atoke naye, asimzibe mdomo. Mama mkwe na mke wa mwanawe wasikae mkeka mmoja, maana nyimbo za Wahindi unazijua zinakoelekea. Anayeijua mbele ya picha asiseme, na hapo wote wakaniangalia mimi. Na anayechelewa asianze kupita mkeka kwa mkeka kuwapa wakubwa shikamoo mmoja mmoja, atoe moja mlangoni kwa wote na wote tuitikie mara moja. Hiyo nakuvulia ushungi, Mama Hadija. Zamani mtu akichelewa picha nzima inapita watu wako kwenye marahaba. Nani mwingine angethubutu kuwaambia wazee wa Newala hivyo, na wakakubali, na wakaiona nzuri?

Rashidi akasimama mlangoni, mikono kifuani. Mama Agnesi akabonyeza rimoti.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Mvua ikanyesha, wakaanza kucheza kwenye mvua kama kawaida yao, na akina mama wakaanza kama kawaida yetu. "Angalia maji yale. Watu wazima wanaimba na hakuna hata sufuria moja iliyowekwa." "Dada, kinga ndoo, utaimba kesho." Nikacheka, nikazoea, kigoda kikapata joto.

Sasa kwenye picha kuna nyumba, kuna mama mjane na binti yake wa bangili. Baba amekufa, picha yake iko ukutani imevishwa maua, hilo ulishatufundisha. Akaja mwanaume wa masharubu, amebeba sinia za halua, akakaa kwenye kiti kikubwa. Mama akajifunika kichwa. Binti akainama. Mwanaume akasema, wote kimya. Akamtazama binti, akatikisa kichwa kwamba sawa. Mimi nikajiuliza, huyu nani? Baba yuko ukutani. Mtu mwingine wa kuingia nyumba ya mjane, akakaa kiti kikubwa, akatoa kauli juu ya binti wakanyamaza wote, ni nani? Mbona rahisi.

"Mjomba amekuja," nikasema.

Akina mama wakaitikia, "Ehee, mjomba." Wakamsifu na halua yake. Kanda nzima ya kwanza ni mjomba, mjomba. Steringi, yule shujaa wa picha, alikuwa fundi baiskeli anayempenda binti, mjomba akatuma watu wakampiga, nikasema mjomba anamlinda mtoto wa dada yake na wahuni, wakasema ana haki. Mjomba akampa binti bangili nyingine za dhahabu, wakapiga vigelegele. Bi Zainabu, unamjua ukali wake, akasema mbele ya Rashidi bila kugeuka, "Huyu ndiye mjomba. Anajua kutunza vya dada yake." Rashidi akakohoa.

Tukabadilisha kanda. Harusi. Moto umewashwa katikati, ngoma, binti amevaa nyekundu anatoa machozi. Bwana harusi amekaa, uso wake umefunikwa na nyuzi za maua mpaka kifuani. Nikasema sasa tutamwona bwana aliyetafutwa na mjomba. Wakayafunua yale maua.

Masharubu.

Mama Hadija, Bi Zainabu akasimama.

"Astaghafirullahi. Anamuoa mtoto wa dada yake."

Hapo hapo wakanyanyuka. Wanakung'uta khanga, wanabeba watoto migongoni, mwingine anatema mate mlangoni. "Picha gani ya laana hii?" "Marehemu asingetuonyesha uchafu huu." "Ndiyo maana hawakingi maji, watu wale hawana adabu." Mke wa fundi cherehani alishatoka, ameshabeba ndoo yake, iko kichwani tayari. Na Rashidi pale mlangoni, anawapisha kwa heshima, shikamoo mama, pita mama, na meno yote nje.

Nikakuita. Kwa moyo, siyo kwa mdomo. Nikasema Mama Hadija, Jumamosi yako inatoka kwa miguu hiyo. Na wewe hukujibu. Siku ile ndiyo nilijua kabisa kwamba umekufa. Kaburini sikujua, arobaini sikujua, nilijua pale, nimekaa kwenye shimo lako na hakuna wa kunigeukia.

Nikaangalia picha, kwa kukosa pa kuangalia. Yule mama mjane alikuwa amesimama nguzoni analia, analia na kujipiga kifua. Nikamchungulia usoni kama ninavyochungulia uwani kwa watu. Huyu mama analia kilio gani? Siyo cha harusi. Ni cha mtu aliyedanganywa. Hicho nakijua, nimeshakiona Newala nyumba ngapi.

"Kaeni," nikasema. "Na mimi nimeshtuka kama ninyi. Lakini msikilizeni mama anavyosema sasa hivi. Anasema, huyu siyo kaka yangu. Kaka yangu alikwenda safari hakurudi. Huyu alikuja na sinia za halua akaniambia ni mimi kaka yako, na mimi kwa upweke nikampa kiti."

Wakasimama walipo.

"Kumbe tapeli," akasema mmoja.

"Mimi nilisema. Mjomba gani ana masharubu vile."

"Hukusema wewe. Ulimpigia vigelegele."

"Nilipigia bangili, sikumpigia yeye."

Bi Zainabu akakaa. Akikaa Bi Zainabu nani asimame? Wakarudi mmoja mmoja, wakamkalia yule mwanaume kooni mpaka mwisho wa picha, hajapata kuchukiwa mtu vile. Na mimi nikapata nguvu, maneno yakawa yanakuja yenyewe. Binti alipozivunja bangili zile za dhahabu mlangoni, moja moja, anamtazama usoni, akina mama walikuwa wanahesabu kwa sauti. Fundi baiskeli akaja na mafundi wenzake, wakapigana na spana, sisi ambao tunasema karate ni ya wahuni tulikuwa tumepiga magoti. Mke wa fundi cherehani aliangalia yote amesimama mlangoni na ndoo kichwani, hakumwaga hata tone.

Picha ikaisha, taa ikawashwa, nikamtafuta Rashidi. Mlangoni hayupo. Alikuwa amekaa chini, nyuma kabisa ya akina mama, viatu amevua ameviweka pembeni kwa adabu. Na uso wake umetulia, kama mtu aliyetoka kusoma dua.

"Shemeji," akaniita. "Sasa yule mjomba wa kweli, yuko wapi?"

Mwenzangu, mimi nimjue wapi, nilimzua mwenyewe. Mama Agnesi akaniokoa. Alifungua ile khanga ya kiunoni, akamnyooshea rimoti.

"Na sisi tunamngoja, mtani," akasema. Hakutania.

Rashidi akaipokea kwa mikono miwili. Akaitazama. Akaniambia Jumamosi mje, akavaa viatu akaondoka. Na Jumamosi tukaenda, na nyingine tukaenda. Vijana amewapa Jumapili. Hadija akishajifungua atapelekewa fungu lake la mapato ya banda kila msimu, Rashidi amelisema mwenyewe mbele ya shehe na hakuna aliyemwomba. Jenereta analijaza mafuta yeye.

Ulikuwa hodari, Mama Hadija. Mimi nilikuwa nadhani kazi yako ni Kihindi. Kumbe Kihindi ni kidogo. Kazi ni kumtazama mtu mpaka umwonee huruma, ndipo useme. Mimi miaka yote nilikuwa nasema kabla ya huruma.

Sasa nikwambie ya mwisho, nimechoka mkono. Mwezi uliopita imekuja kanda mpya kabisa kutoka Dar, na ndani yake ni Waswahili watupu. Wanaongea Kiswahili kama mimi na wewe, wanapika ugali, nyumba yao ina bati kama ya kwa Rashidi. Nikasema leo napumzika, nikanyamaza kwenye kigoda. Picha haijafika popote Bi Zainabu akageuka. "Mbona husemi?" Nikamwambia mama, si wanasema wenyewe. Akasema, "Hayo ya mdomoni tunayasikia. Sema ya moyoni." Ikabidi niseme. Nimewatafsiri Waswahili kwa Kiswahili, na walisema ni picha nzuri kuliko zote.

Ilipoisha yakaja yale majina ya waliocheza. Ulikuwa hutaki tuinuke wakati wa majina. Yanapita kwa herufi za kwao, hakuna anayejua kuyasoma, na wewe umekaa umeyakodolea mpaka la mwisho, unasema hawa wamefanya kazi, mnawaondokea vipi. Sasa haya ya Dar nikaona, kumbe nayajua. Mwanaisha. Juma. Hamisi. Nikayasoma kwa sauti, lilipokimbia nikaliruka, na hakuna aliyeinuka. Na lilipopita la mwisho, sijui nini kilinipata, nikaongeza la kwako, jina lako zima na la baba yako.

Mke wa fundi cherehani akaniuliza, "Kumbe na marehemu alicheza?"

Nikamwambia ndiyo.

Kwa hiyo habari zikikufikia huko kwamba ulikwenda Dar ukacheza picha, ujue zimetoka kwangu, na sasa zimeshafika Masasi, wanasema ulikuwa yule mama wa mwanzo aliyevaa khanga ya bluu. Nimeacha hivyo hivyo.

Lala, mwenzangu, lala upumzike miguu. Kigoda nakitunza, na kila Jumamosi nikishayasoma ya watu, la kwako nitalitaja. Hilo ninakuahidi, na siku mdomo wangu ukichoka nitakuwa nakuja kwako.

Ni mimi wako,
Mama Somoe